Rangi Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, bamvua ya Machi,
bahari ya Kodiak imejivuta na kuacha sebule yake wazi:
mwani, magogo, buti moja lisilo na mwenzake,
na ndege.

Natembea na Lukeria, miaka saba, pua nyekundu,
mifuko ya koti imejaa vikanda vya plastiki.
Baba yake yuko zamu ya usiku kwenye mtambo wa umeme.
Mtoto haachwi peke yake,
na maji hayamngoji yaya.

Ndege wa majabali: mgongo mweusi, kifua cheupe,
kama wahudumu wa hoteli waliolala kazini.
Nanyoosha bawa, napima kwa milimita,
napapasa mfupa wa kifua, umechongoka kama mgongo wa kisu.
Njaa. Naandika: njaa.
Naandika kwa penseli, maana wino huganda.

Lukeria ndiye mfungaji.
Nyekundu, njano, buluu,
kila maiti na rangi tatu zake bawani
ili wiki ijayo mtu asije akamhesabu mara mbili.
"Akihesabiwa mara mbili, atakuwa amekufa mara mbili?"
"Hapana. Sisi ndio tutakuwa tumesema uongo."
Akafikiri mwendo wa hatua ishirini hivi.
"Bibi Pelagia husema jambo moja mara tatu."
"Huyo ni bibi yako. Shika rula."

Arobaini na wanne, mpaka kwenye mwamba wa sili.
Vidole vyangu vimekufa ganzi, vyake havijui baridi.
Nyuma yetu maji yanarudi polepole
kama mwenye nyumba aliyesahau ufunguo.

Nyumbani kahawa imeungua.
Buti nane mlangoni, na sisi ni watu watatu.
Matfey amelala na ovaroli yake,
mguu mmoja nje ya blanketi.
Mama yake kaleta chupa ya samoni wa moshi,
kachungulia karatasi zangu zilizotandazwa mezani zikauke.
"Enzi zetu," akasema, "ndege tuliwahesabu kwa sufuria."
Akacheka.
Kisha akaitazama ile arobaini na nne
na hakucheka tena.

Saa nane mchana nikaenda kumwamsha mume wangu.
Kwenye kifundo cha mguu, juu ya soksi:
nyekundu, njano, kijani.

Moyo wangu ukapwa.
Mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani,
ulikokwenda asubuhi nzima.
Ukakuta nyama, joto, mkoromo.

"Nimemfunga mimi," alisema Lukeria, mkate mdomoni.
"Ukirudi kutoka kisiwani
utajua kwamba huyu ulishamhesabu."

Vikanda hivi havijui kurudi nyuma.
Hukaza tu, na kuvitoa ni kwa makasi.
Nikayaleta makasi, nikakata kile cha njano kilichobana.
Viwili akaendanavyo kazini.
Walipomuuliza, sijui alijibu nini;
Matfey si mtu wa kusimulia.

Mei. Hema, mvua ya ubavuni, redio yenye mafua.
Jabali lote linapiga kelele,
ndege hai, bega kwa bega, hakuna pa kutia unyoya,
nami na kifaa changu cha kubofya:
moja, mbili, mia, nimepotea,
moja, mbili.

Usiku nikavua buti.
Kwenye kitanzi cha nyuma, pale pa kuvutia,
pamefungwa kitu ambacho wiki nzima nilidhani ni tope:
nyekundu, njano, kijani.

Namba ileile aliyompa baba yake.
Mara ngapi nimemwambia yule mtoto,
namba moja haipewi wawili,
hilo ni kosa, linaharibu hesabu yote.

Nikafungua daftari, penseli mkononi.
Kuna safu ya tarehe, safu ya upepo, safu ya maelezo.
Nikajaza upepo.